Ripoti Imetoka, Kisha Nini? Safari ya Hoja ya Ukaguzi Kutoka Kwenye Karatasi Hadi kwa Mtu wa Kuijibu

Machi 2014, Mlinzi wa Umma wa Afrika Kusini, yaani afisa wa kikatiba anayechunguza malalamiko dhidi ya serikali, Thuli Madonsela, alitoa ripoti kuhusu makazi binafsi ya rais wa nchi hiyo wakati huo, Jacob Zuma, kijijini Nkandla. Serikali ilikuwa imesema inaimarisha ulinzi wa kiongozi. Madonsela alipofuatilia kazi iliyofanyika, iliyokadiriwa kugharimu randi milioni 246, alikuta ndani yake mna bwawa la kuogelea, zizi la ng'ombe, banda la kuku, ukumbi wa wazi wa maonyesho na kituo cha wageni. Hivyo, alisema, si vitu vya ulinzi, na rais arudishe sehemu ya gharama yake.

Ripoti ilichapishwa yote, kila mwenye kutaka akaisoma. Rais hakulipa. Mei 2015 waziri wa polisi alijitokeza mbele ya waandishi wa habari na video ya wazima moto wakivuta maji kutoka kwenye lile bwawa. Akaeleza kwamba ni bwawa la kuzimia moto, kwa hiyo ni sehemu ya ulinzi, na rais hadaiwi kitu. Bunge, ambamo chama cha rais kilikuwa na viti vingi, likayakubali maelezo hayo.

Vyama vya upinzani vikaenda Mahakama ya Katiba. Tarehe 31 Machi 2016 majaji walitoa hukumu kwa kauli moja, Jaji Mkuu Mogoeng Mogoeng akiisoma: hatua anazoagiza Mlinzi wa Umma chini ya katiba zina nguvu ya sheria. Asiyeridhika nazo aende mahakamani zitenguliwe. Kuzipuuza hana ruhusa. Rais alikuwa amekiuka katiba, na Bunge nalo lilikuwa limekiuka wajibu wake. Septemba mwaka huo Zuma alilipa randi milioni 7.8.

Naanza na kisa hiki kwa sababu ya ile miaka miwili. Kati ya Machi 2014 na Machi 2016 hakuna siri mpya iliyohitajika kufichuka. Bwawa lilikuwa lilelile na ripoti ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni jibu la swali moja la kisheria: aliyetajwa kwenye ripoti analazimika kufanya kitu, au ameshauriwa tu? Kwa miaka miwili nchi nzima iliona, na kuona kwenyewe hakukurudisha hata randi moja.

Katika demokrasia nyingi zinazoendelea, mapambano dhidi ya ufisadi yameegemea mno kwenye kuona. Tovuti za bajeti, sheria za haki ya kupata taarifa, ripoti za wakaguzi zinazowekwa mtandaoni: vyote hivyo vilipiganiwa na vina thamani. Lakini uwazi na uwajibikaji ni vitu viwili, na kati yake pana pengo ambalo ndimo mali ya umma inamopotelea.

Neno lenyewe limetuponza kidogo. "Kuwajibika" katika siasa za Kiswahili limekuja kumaanisha kujiuzulu: waziri awajibike, yaani aondoke. Februari 2008 Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Lowassa, alijiuzulu baada ya kamati teule ya Bunge kuwasilisha ripoti kuhusu mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond, na ikaitwa kuwajibika. Kiongozi mkubwa kuachia ngazi ni jambo zito, silidharau. Ila mzizi wa neno unadai zaidi. Aliyekabidhiwa mali ya watu ana wajibu wa kueleza ameitumiaje, na wenye mali wana haki ya kutoridhika na kuchukua hatua. Akiondoka bila hesabu kufungwa, deni la maelezo limebaki. Na hesabu ikianikwa hadharani huku hakuna linalomfika aliyeiharibu, deni la hatua limebaki.

Hati safi haisemi unachodhani

Kila ripoti ya ukaguzi ikitoka, vichwa vya habari hurudia makosa mawili yaleyale, na yote mawili humsaidia mwizi.

La kwanza ni kuichukulia hati inayoridhisha, ile tunayoiita hati safi, kama cheti cha uadilifu. Mkaguzi anapotoa hati hiyo anasema taarifa za fedha zimeandaliwa kwa kufuata viwango na kwamba, kwa mambo yote ya msingi, zinaonyesha hali halisi ya hesabu. Hasemi kwamba kilichonunuliwa kilihitajika, wala kwamba bei yake ilikuwa ya haki. Taasisi inaweza kununua mashine kwa bei mara tatu ya soko, ikaiandika bei hiyo bila kukosea hata tarakimu, na taarifa zake za fedha zikapewa hati safi. Mambo ya bei na ununuzi mkaguzi huyaandika kwingine, kwenye ukaguzi wa ufuasi wa sheria au ukaguzi wa ufanisi, na huko wasomaji huwa wachache. Kiongozi anayetangaza kwa fahari kwamba taasisi zake zote zina hati safi ametuambia habari ya wahasibu wake. Wazabuni wake bado hatujawasikia.

Kosa la pili ni la upande wa pili: kuziita hoja zote, yaani kasoro anazoziandika mkaguzi, wizi. Ripoti ikitaja malipo yasiyo na viambatisho, inawezekana fedha zililiwa, inawezekana pia mhasibu alipoteza stakabadhi, au mkandarasi alilipwa kihalali na faili likabaki ofisi nyingine. Fedha zilizotumika nje ya kifungu cha bajeti zilikopaswa kutumika ni uvunjaji wa sheria, lakini huenda zilinunua dawa za kweli. Mapato yaliyokusanywa yasipelekwe benki ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo moyo unapaswa kwenda mbio. Gazeti likijumlisha yote matatu na kuandika kwamba mabilioni yameibwa, linampa kila afisa pa kujifichia. Yule aliyepoteza stakabadhi atajitetea kwa haki, na aliyekula atasimama nyuma yake akitumia utetezi uleule.

Miezi 21 ya "mimi sikuwepo"

Nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza zilirithi utaratibu wake wa karne ya 19: kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, iliyoanzishwa London mwaka 1861, na mkaguzi mkuu mwenye kinga dhidi ya serikali anayoikagua, chini ya sheria ya mwaka 1866. Mtambo huo unafanya kazi hivi. Kila fungu la fedha lina afisa masuuli, yaani mtendaji anayebeba dhamana yake kisheria. Mkaguzi huomba vocha na mikataba, kisha huandika hoja. Menejimenti hupewa nafasi ya kujibu. Hoja zenye majibu ya kuridhisha hufungwa, na zilizobaki huingia kwenye ripoti, na ripoti hufika bungeni. Kamati, ambayo kwa desturi huongozwa na mbunge wa upinzani, humwita afisa masuuli, humhoji na kutoa maagizo.

Sasa tazama saa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita tangu mwaka wa fedha uishe, halafu inalipa Bunge miezi mitatu kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Kwa kipimo cha nchi nyingi hiyo ni ratiba ya haraka. Hata hivyo, fedha zilizolipwa mwezi Julai, mwanzo wa mwaka wa fedha, zinaweza kumaliza mjadala wake Machi ya mwaka wa pili unaofuata, takriban miezi 21 baada ya kutoka benki, na hapo hakuna aliyechelewa hata siku moja. Aliyesaini amehamishwa au amestaafu. Aliyekalia kiti chake anaiambia kamati kwamba mambo hayo yalitokea kabla hajafika, na anasema kweli.

Katiba hiyohiyo, ibara ya 226, imejaribu kuuziba mwanya huo: mwenye ofisi ya umma akielekeza au kuidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria, hasara ni yake na ataifidia, awe bado yuko ofisini au ameondoka. Nakipenda kifungu hiki kwa sababu kimeandikwa na watu walioisikia ile sentensi ya "mimi sikuwepo" mara nyingi vya kutosha. Kukiandika ilikuwa kazi ya siku. Kukitumia kunadai mtu wa kupiga hesabu ya hasara, kuitaja kwa jina la mtu, na kwenda kuidai.

Hapo tunafika kwenye fundo ambalo wananchi wengi hulisoma kama njama, na mara nyingine si njama. Mkaguzi hana pingu. Hakamati wala hashtaki. Anachoweza ni kulipeleka jambo kwa taasisi ya kuzuia rushwa au kwa mwendesha mashtaka, na huko kanuni za ushahidi hugeuka. Kwa mkaguzi, mzigo uko kwa afisa: umelipa, basi nionyeshe vielelezo, huna, hoja inasimama. Mahakamani mzigo uko kwa Jamhuri: ithibitishe pasipo shaka ya maana kwamba mtu huyu, kwa makusudi, alichukua. Kukosekana kwa stakabadhi kunatosha kwa hoja ya ukaguzi na hakutoshi kumfunga mtu. Ndiyo maana ripoti yenye mamia ya hoja halali inaweza kuzaa kesi chache, na nchi ikajenga imani kwamba ripoti ni maigizo.

Njia ya katikati ipo. Baada ya yale ya Nkandla na mengine, Afrika Kusini ilirekebisha sheria yake ya ukaguzi mwaka 2018. Tangu Aprili 2019 Mkaguzi Mkuu wake, akibaini ukiukwaji mkubwa uliosababisha hasara na mapendekezo yake yakapuuzwa, anaweza kuagiza hatua za lazima, na mwisho wa safari anaweza kutoa hati ya deni dhidi ya afisa masuuli mwenyewe. Si jela. Ni deni, lenye jina la mtu. Kwa maoni yangu hofu ya aina hii, ndogo na ya uhakika, ina kazi kubwa kuliko ahadi ya kifungo cha miaka 30 ambacho kila mtu anajua hakitatolewa.

Kuhusu wabunge sina mengi ya kusema, kwa sababu tatizo linajieleza. Msimamizi hawezi kuwa mtumiaji. Agosti 2022 Mahakama ya Juu ya Kenya iliitangaza sheria ya mfuko wa maendeleo ya majimbo ya mwaka 2013 kuwa kinyume cha katiba, na miongoni mwa sababu zake ni hiyo: mbunge anayepaswa kuihoji serikali kuhusu matumizi alikuwa amewekwa ndani ya matumizi.

Barabara iliyotobolewa

Karatasi ina mipaka yake, na nadhani utafiti uliofanyika vijijini katika kisiwa cha Java, Indonesia, unaionyesha kuliko mwingine wowote ninaoujua. Zaidi ya vijiji 600 vilikuwa vinajenga barabara kwa fedha za mradi wa taifa. Mchumi Benjamin Olken alitaka kujua kiasi gani kinapotea, na hakuridhika na vitabu vya hesabu, kwa sababu kitabu cha hesabu huandikwa na yuleyule anayeshukiwa. Wahandisi walikwenda kwenye barabara zilizomalizika, wakachimba mashimo ya sampuli, wakapima tabaka la mawe, la changarawe na la mchanga, kisha wakakadiria vifaa vilivyotumika kweli. Bei za vifaa zikaulizwa eneo hilohilo. Wanakijiji wakaulizwa walilipwa siku ngapi na kiasi gani. Tofauti kati ya barabara iliyoko ardhini na barabara iliyoko kwenye vitabu ndiyo iliyokuwa hasara.

Baadhi ya vijiji viliambiwa mapema kwamba vitakaguliwa na wakaguzi wa serikali kwa hakika. Vingine vilibaki na uwezekano wa kawaida, kama asilimia 4. Katika vile vya kwanza, fedha zilizopotea zilipungua kwa takriban pointi 8 za asilimia. Mkaguzi wa kweli, anayejulikana kwamba atakuja, aliizuia sehemu ya wizi kabla haujatokea. Kuwaalika tu wanakijiji kwenye mikutano ya kuhoji matumizi kulileta tofauti ndogo sana kwa ujumla.

Ila kuna jambo la pili kwenye matokeo hayo ambalo halinukuliwi sana. Ukaguzi ulipoongezeka, ajira za ndugu wa viongozi wa mradi nazo ziliongezeka. Kuiba vifaa kulikuwa na hatari mpya. Kumwajiri binamu hakukuwa nayo, kwani hilo halionekani kwenye tabaka la changarawe. Rushwa ni maji, huhamia pasipozibwa. Kwa hiyo mfumo wa ukaguzi unaopima kitu kilekile kila mwaka, kwa njia ileile, unawafundisha wakaguliwa mahali pa kuhamia.

Orodha zilizosomwa kwa kipaza sauti

Matokeo ya Java yasichukuliwe kuwa ushahidi kwamba wananchi hawafai kitu. Inategemea wameshika nini mkononi. Katika jimbo la Rajasthan, India, vibarua wa vijijini waliolipwa chini ya kima cha chini kwenye kazi za umma waliungana mwaka 1990 katika chama cha MKSS, pamoja na Aruna Roy, aliyekuwa ameacha kazi ya juu serikalini. Walipodai malipo kamili walijibiwa kwamba kumbukumbu zinaonyesha hawakufanya kazi inayotosha. Walipoomba kuziona, wakaambiwa ni siri.

Desemba 1994 walianza mikutano waliyoiita usikilizwaji wa umma. Nakala walizozipata kwa taabu zilisomwa mbele ya kijiji, mstari kwa mstari: jina, siku za kazi, kiasi kilicholipwa. Mkutano wa namna hiyo ni ukaguzi ambao hakuna ofisi ya mjini inayouweza. Jina linasomwa, na waliokaa chini wanasema huyo alikwishafariki. Linasomwa jingine: huyo alihama zamani. Jengo linatajwa kuwa limekamilika, na watu wanageuka kulitazama, halina paa. Mkaguzi wa mjini angeona orodha yenye saini zote na kuifunga hoja. Kijiji kinawajua wafu wake.

Kilio chao, "pesa zetu, hesabu zetu", kilifika mji wa Beawar mwaka 1996 katika mgomo wa kukaa wa siku 40, kikazaa sheria ya jimbo mwaka 2000 na sheria ya taifa ya haki ya taarifa mwaka 2005. Sheria hiyo ina jino ambalo sheria nyingi za jina hilo hazina: ombi lijibiwe ndani ya siku 30, na afisa anayekataa bila sababu ya haki hutozwa yeye binafsi rupia 250 kwa kila siku ya kuchelewa, hadi kufikia rupia 25,000. Ofisi haiwezi kujificha nyuma ya kaunta, kwa sababu faini inamfuata mtu.

Uganda nayo ina kisa chake mashuhuri. Uchunguzi wa shule za msingi 250 ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku ya serikali isiyo ya mishahara ilifika shuleni. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kwa kila wilaya, na shule zikabandika matangazo ukutani. Kufikia mwaka 2001 kilichofika kilizidi asilimia 80. Kisa hiki hutajwa kama muujiza wa gazeti, na hapo nina shaka. Miaka hiyohiyo elimu ya msingi ilifanywa bure, usimamizi wa ruzuku ulibadilishwa, na wizara ilikuwa inabanwa kutoka pande nyingi. Gazeti lilimwambia mwalimu mkuu kiasi gani cha kudai. Kuna wengine waliohakikisha kwamba akidai atasikilizwa.

Mwananchi akijua na asiweze

Sasa tuje kwenye kura, kwani wengi huona hiyo ndiyo dawa ya mwisho: watu wakijua, watamwondoa fisadi. Brazil ilianza mwaka 2003 kukagua manispaa zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ya hadharani, ili asiwepo wa kusema ameonewa. Wachumi Claudio Ferraz na Frederico Finan walilinganisha mameya ambao ripoti zao zilitoka kabla ya uchaguzi wa mwaka 2004 na wale ambao zao zilitoka baada yake. Waliofichuliwa mapema kwa makosa mengi waliadhibiwa na wapiga kura, na adhabu ilikuwa kali zaidi palipokuwa na redio ya mji ule. Ripoti yenyewe haiongei. Inahitaji mtu wa kuisema kwa lugha ya watu, saa ambayo watu wanasikiliza.

Mexico ikatoa matokeo ya kuhuzunisha. Kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2009, watafiti waligawa vipeperushi vilivyoeleza kiwango cha ufisadi katika manispaa. Chama kilichokuwa madarakani kilipoteza kura, kama ilivyotarajiwa. Lakini wapinzani wake nao walipoteza. Watu walioujua ukweli zaidi walikaa nyumbani. Waliusoma ufisadi kama hali ya hewa, si kama kosa la mtu fulani ambaye mwingine angelirekebisha.

Naomba msomaji akae na hilo kidogo, kwa sababu linaugeuza mjadala wote. Kufichua kunakorudiwa kila mwaka bila matokeo kuna gharama: kunawafundisha watu kwamba hata wakijua hawawezi kitu, na kila kashfa mpya inazidi kuwazamisha. Utafiti wa baadaye kuhusu Brazil, uliochapishwa mwaka 2018, ulipata kwamba manispaa iliyowahi kukaguliwa hupunguza ufisadi kwa asilimia 8, na sababu kubwa ilikuwa woga wa mkono wa sheria kuliko woga wa kura. Palipo na polisi wa kuja kubisha hodi, ripoti ina uzito mwingine.

Kisichoandikwa popote

Yote niliyosema yanahusu fedha zilizopita kwenye vitabu. Msumbiji ilionja aina nyingine. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa zaidi ya dola bilioni 2, kwa maelezo ya meli za kuvulia jodari na ulinzi wa pwani, na serikali ikaweka dhamana bila idhini ya Bunge. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilifichwa. Ilipofichuka mwaka 2016, Shirika la Fedha la Kimataifa na wafadhili walisitisha misaada, sarafu ikaporomoka, na waliolipa ni watu ambao hawakuwahi kusikia majina ya kampuni hizo. Aliyekuwa waziri wa fedha, Manuel Chang, alikamatwa Afrika Kusini Desemba 2018 na kutiwa hatiani New York mwaka 2024. Kwake uwajibikaji ulikuja kutoka nje, kwa sababu wawekezaji wa Marekani nao walikuwa wamedanganywa. Mahakama ile ilisikiliza kwanza madai yao.

Dhamana za mikopo, kampuni za umma, mikataba yenye kifungu cha usiri, kampuni ambazo mmiliki wake wa kweli hajulikani: huko ndiko wizi mkubwa ulikohamia, na bajeti inayochapishwa kwenye tovuti haifiki huko.

Na taasisi inayofika huko hukatwa mikono. Guatemala, kwa mkataba na Umoja wa Mataifa, ilikuwa na tume ya CICIG, iliyowachunguza wakubwa bega kwa bega na waendesha mashtaka wa nchi. Mwaka 2015 iliibua mtandao wa ukwepaji wa ushuru wa forodha, na ndani ya miezi michache makamu wa rais na kisha Rais Otto Pérez Molina walijiuzulu. Ilipomgusa rais aliyechaguliwa baada yake, Jimmy Morales, mkataba haukuongezwa, na Septemba 2019 tume ikafunga milango. Mwezi huohuo Bunge la Indonesia liliifanyia marekebisho sheria ya tume ya kupambana na rushwa, KPK, iliyokuwa imewafunga mawaziri na wabunge, likaiweka chini ya baraza la usimamizi na kuwageuza watumishi wake kuwa wa serikali. Wanafunzi walijaa barabarani kupinga. Sheria ikabaki palepale.

Halafu kuna wale wanaoanza yote haya, watu wa ndani wanaoona vocha isiyokaa sawa na kukataa kunyamaza. Babita Deokaran, afisa wa fedha katika idara ya afya ya Gauteng, Afrika Kusini, alitilia shaka malipo ya hospitali moja na kuomba yasimamishwe yachunguzwe. Agosti 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake akitoka kumpeleka mtoto shuleni. Waliofyatua wamefungwa. Sioni namna ya kuzungumzia uwazi bila kumtaja, maana kila hoja ya ukaguzi yenye nguvu ilianza na mtu kama yeye, aliyekaa kwenye meza yake akaamua kutosaini.

Kwa hiyo ripoti ijayo ikitoka, na wenzako wakianza kutumiana jedwali la mabilioni, nenda nyuma ya kitabu. Wakaguzi wengi huweka huko sura inayofuatilia utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita. Ni sura kavu, haina kashfa mpya, na waandishi wa habari huiruka. Ina orodha ya mapendekezo, mwaka yalipotolewa, na hali yake: yaliyotekelezwa, yanayoendelea kutekelezwa, yasiyotekelezwa, yaliyopitwa na wakati. Tafuta hoja ileile, kwenye taasisi ileile, ikiwa imeandikwa "utekelezaji unaendelea" kwa mwaka wa tano mfululizo. Kisha muulize mbunge wako, kwa namba ya ukurasa, afisa masuuli wa taasisi hiyo ni nani, na lini kamati ilimwita mara ya mwisho.